Mshipa wa Orsola

Jumanne asubuhi, mjini Padova, Orsola alibandika chungu cha polenta, ugali wa huko, akajifuta mikono, akaenda chumba cha pili kumpa Mwalimu Malvasoni mkono wake wa kushoto, kama alivyofanya kwa miaka tisa. Mwalimu alikuwa akipima jinsi vitu vinavyoanguka. Gololi ya shaba iliteremka kwenye ubao ulioinama, naye akahesabu muda kwa mapigo ya mshipa wa mpishi wake, maana wa kwake ulirukaruka kama mbuzi kila gololi ilipoanza safari. Wa Orsola haukujua haraka, hata nyumba ingewaka moto. Ujira wa kazi hiyo ulikuwa ahadi moja: jina lake litachapwa ukurasa wa kwanza wa kitabu.

Alhamisi homa ikamuua. Ijumaa wakamzika. Jumamosi akaja kazini, kwa kuwa vilibaki vipimo kumi na viwili. Mwili ulikuwa baridi kama jiwe la kisima, ila mshipa ulipiga vilevile.

"Umechelewa," Mwalimu akasema.

"Nilikuwa nazikwa, Bwana Mwalimu."

"Haya, lete mkono."

Vipimo vikaisha. Tita, mpanga herufi wa kiwanda cha chapa, akaleta kurasa za mwanzo, wino bado mbichi. Orsola hakujua kusoma.

"Tita, mwanangu, nioneshe nilipo."

Tita akatafuta, akageuza karatasi, akatafuta tena. "Mama, hapa pameandikwa: 'Nilipima kwa mshipa wangu mwenyewe.'"

Orsola akakaa chini kwa kishindo. Kifo hakikumshtua hivyo. Kwa mara ya kwanza mshipa wake ukakosa pigo moja.

"Miaka tisa! Hata nilipokufa, nilikosa kazi siku mbili tu!"

"Sasa Orsola," Mwalimu akasema, "nani ataamini elimu iliyopimwa kwa mpishi? Tena marehemu!"

"Nilipoanza nilikuwa hai!"

"Hilo hawataliuliza."

"Lo, bwana," Tita akasema, "hata mwizi wa kuku huacha manyoya."

Orsola akavua aproni, akarudi makaburini kwa miguu. Mwoka mikate wa jirani akazoea kumtuma mkewe aweke kiganja juu ya udongo wa kaburi la Orsola na kuhesabu mapigo. Mikate yao haikuungua tena.

Kitabu kikatoka. Wasomi wa Bologna na Pisa wakashika mishipa yao, kila mmoja akapata jibu lake, wakamwandikia Mwalimu kuuliza siri ya utulivu wake. Akawajibu wote sawasawa: sala, na kutokula vitunguu.