Kipeo na Kipeuo

Veronica alishika chaki mpaka ikakatika. Akaokota kipande, akafuta ubao ambao tayari ulikuwa safi, akaufuta tena. Tangu amalize chuo alikuwa akizunguka Bariadi na vyeti vyake bila ajira, na leo shule moja binafsi ya Somanda ilikuwa imemwambia: fundisha hisabati darasa la saba, kipindi kimoja, tukuone. Mwalimu mkuu, Machibya, alikaa nyuma kabisa na kalamu mkononi, amenuna kama mtu aliyeitwa msibani.

Chuoni Veronica alisoma hisabati kwa Kiingereza. Hapa ni Kiswahili, na maneno yalikuwa yakimtoroka kama mbuzi wasiofungwa. Akaandika harakaharaka:

Rahisisha: kipeo cha pili cha 9a² jumlisha kipeo cha pili cha 16a².

Alitaka 7a. Swali jepesi: 3a na 4a, basi. Hakuweza kutulia, akapita kati ya madawati. Daftari la kwanza: 337a⁴. Akalikosesha. La pili: 337a⁴. La tatu vilevile.

"Hii mmeitoa wapi?" aliuliza kwa ukali.

"Ubaoni, mwalimu," alisema Salu, msichana wa dawati la mbele. "Kipeo cha pili ni kuzidisha namba kwa yenyewe. Tisa mara tisa, themanini na moja. Kumi na sita mara kumi na sita, mia mbili hamsini na sita."

Veronica akageuka. Alikusudia kipeuo, kinyume chake kabisa: ile namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata tisa. Herufi moja tu, u, na darasa zima lilikuwa sahihi.

Machibya, ambaye somo lake ni historia, hakuwa ameona kitu.

"Endelea tu, mayu," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma, kwa upole hata. "Hawa watoto ni wazito."

Basi alikuwa amepewa pa kutokea, na alipatamani kwelikweli. Lakini Salu alikuwa akifuta jibu lake kwa kidole chenye mate, na hilo Veronica hakulivumilia.

"Salu, acha kufuta. Mko sahihi wote. Nimekosea mimi."

Akaichomeka ile u, mara mbili. Punde 7a zikajaa kwenye madaftari.

Machibya alifunga kalamu. "Tutakupigia simu, mwalimu."

Nani asiyejua maana ya maneno hayo?

"Kesho utakuja, mwalimu?" Salu aliuliza.

"Sijui," alisema Veronica. "Muulizeni mwalimu mkuu."

Darasa zima likageuka nyuma. Machibya akatazama saa, akatazama dirishani, watoto bado wanamtazama.

"Atakuja," akasema.