Majina Kumi na Moja Hewani

Treni ilikuwa imeshaanza kujikokota Swichi alipoamua kuteremka. Mguu mmoja ulikuwa unatafuta jukwaa, mwingine bado uko ngazini, na konda juu yake anapiga kelele:

"Mzee! Unataka kunifia kazini?"

"Hapana, baba, nataka kupiga simu!"

Akaruka. Magoti yakalalamika kidogo, yakanyamaza. Sanduku lake likaenda zake na behewa la nne, limekaa kitini kama abiria mwenye tiketi.

Swichi hakuwa amerukwa na akili. Dirishani alikuwa ameona bango ukutani: MTANDAO WA BURE KWA ABIRIA. Huko mbele ni milima mitupu, na laini yake ilikuwa imekufa tangu stesheni mbili nyuma, maana kampuni yake haina mnara upande huu. Na saa nne kamili asubuhi hiyo dada yake mkubwa alikuwa anaingizwa kwenye upasuaji wa macho, katika hospitali ya mbali. Daktari hakumung'unya maneno: huenda ukaona, huenda usione tena. Jana yake dada alikuwa ametuma ujumbe: "Piga ya picha kabla sijaingia. Miaka kumi na mmoja unazurura tu. Nataka niuone huo uso, mdogo wangu."

Saa ya ukutani ilionyesha saa tatu na dakika ishirini na tano.

Alikaa kwenye benchi, akafungua simu, akaguna. Majina kumi na moja! STESHENI BURE KASI. ABIRIA-J2. Saluni ya Pacha. Ofisi ya Mkuu, yenye kufuli. Usiniguse, nayo ina kufuli. Jingine lilijiita Printa tu. Aliyatazama kama mtu aliyefika kwenye korido ya nyumba ya wageni asijue agonge mlango upi. Nani hawa? Wako wapi? Hewa ni ileile, na yeye alikuwa haoni kitu ila njiwa na mfagizi.

Jina la Swichi lilitoka kazini. Miaka thelathini alikaa mbele ya ubao wa simu, yaani swichibodi, akichomeka waya huu hapa na ule pale ili watu wasikizane, mpaka mashine zikaja zikamwambia kapumzike. Hakupumzika.

Akabonyeza STESHENI BURE KASI, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na vijistari vyote vinne vya nguvu ya mtandao. Ukurasa mzuri ukafunguka, una maua. *Karibu! Thibitisha kwa namba yako ya siri ya pesa za simu.* Swichi akaandika tarakimu ya kwanza. Akaandika ya pili. Kidole kikagoma.

Msimamizi wao wa zamani, mama mmoja mkali kama pilipili kichaa, alikuwa akipita nyuma ya viti vyao akisema: "Kazi yako ni kumuuliza mtu anamtaka nani. Ukimuuliza nyumbani kwake kuna nini, wewe ni mwizi, toka ofisini kwangu."

"Mbona huyu ananiuliza nyumbani kuna nini?" Swichi akajisemea. Akafuta zile tarakimu.

Mtu mwingine angejaribu jina linalofuata. Swichi udadisi ulimwasha. Aliinuka, simu mbele yake kama mtu aliyebeba kikombe kilichojaa hadi ukingoni, akaanza kutembea. Karibu na choo, vijistari vikashuka hadi viwili. Karibu na kibanda cha magazeti, vitatu. Nyuma ya kibanda, vinne, tena vimesimama imara. Hapo palikuwa na bwana mmoja mwenye viatu vya kung'aa, amepakata mkoba mweusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unasafiri?"

"Nasubiri mtu."

"Ahaa. Na huo mkoba, mbona unasalimiana na simu yangu?"

Yule bwana akacheka bila kuonyesha meno. "Mzee una vituko."

"Ninavyo. Una maua mazuri huko ndani."

Bwana akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli. Alipopotea nje ya lango, STESHENI BURE KASI nayo ikatoweka kwenye orodha. Swichi akafurahi kama aliyenasa panya kwa kofia, kisha akatazama saa. Saa nne kasoro dakika kumi na tano.

Akarudi kwenye bango, safari hii akasoma herufi ndogo za chini: *Jina la mtandao waulize Maulizo.* Dirisha la Maulizo lilikuwa limefungwa, lina karatasi: *Tumehamia Mizigo Iliyopotea.* Akakimbia kwa kadiri ya magoti. Nyuma ya kaunta alikaa mama mwenye miwani, kazungukwa na miavuli na kiatu kimoja.

"Umepoteza nini, baba?"

"Treni. Na dada yangu nina dakika kumi za kumpata."

"Treni hatuhifadhi humu. Dada naye sijamwona."

"Mtandao wa kweli unaitwaje, mama? Nakuomba."

Mama akavua miwani. "Loo! Wewe ni wa kwanza kuuliza tangu nihamishwe. Watu wanafuata vijistari tu." Akamwonyesha kadi iliyopakwa plastiki. "ABIRIA-J2. Hautaki siri yako yoyote, unabonyeza *Nakubali*, basi. Lakini ni mnyonge. Kasimame pale kwenye mizani ya mizigo, ndipo unapata."

Swichi akapanda juu ya mizani. Vijistari viwili. Akapiga. Simu ikazunguka, ikazunguka, halafu akatokea muuguzi, halafu dari, halafu dada yake.

"Wewe! Umezeeka!"

"Na wewe umevaa nini, gunia?"

"Nyamaza. Geuza uso, nione kovu nililokuachia kwa mwiko."

Akageuza. Dada akasogeza simu mpaka yakabaki macho tu, mekundu, yamefunikwa ukungu.

"Bado lipo," akasema. "Sasa tabasamu, mpumbavu wewe."

Akatabasamu. Nyuma ya dada muuguzi akasema muda umefika.

"Kilo sitini na mbili," mama wa kaunta akamwambia alipokata simu, akisoma mizani. "Kula, baba."

Treni nyingine ilikuwa ya jioni. Swichi akaomba chaki, akazunguka stesheni nzima kutafuta wenye majina yaliyobaki, akayaandika yote kwenye ubao wa pale Mizigo Iliyopotea, pamoja na wenyewe na mahali walipo. Usiniguse alikuwa fundi saa.

Jicho la kulia la dada lilipona; la kushoto halikupona. Mama wa kaunta alirudishwa kwenye dirisha lake baada ya miezi miwili, na ubao akahama nao. Bwana wa mkoba hakuonekana tena pale; alikokwenda hakujulikani. Sanduku lilifika mwisho wa reli, likarudishwa Mizigo Iliyopotea, likakaa wiki tatu. Swichi alilifuata, akalichukua, akaenda kuishi kwa dada yake. Alikaa huko miezi minne, kisha akaondoka.