Kadi Nne za Kinanda

Fundi Severini alikuwa amekifungua kinanda juu ya meza yake pale Nachingwea, kadi nane zikaonekana ndani zimesimama kwa mstari. Kilikuwa kinanda cha zamani cha umeme, cha vitufe vya kuzungusha, na kila kadi ilitoa sauti moja. Ukinunua kadi nne, alieleza, vibonyezo vinne vitalia kwa pamoja. Ukigusa cha tano, kimoja kilichotangulia kinakatika kukipisha. Ukichukua zote nane, mikono miwili inapiga bila kunyimana. Wachague wenyewe, zitakazobaki kuna mtu wa Masasi anazingoja.

Eliza hakuona cha kuchagua. Kwaya yao kule Nambilanje ilishakubaliana nane, na madume mawili ya ng'ombe yalishauzwa kwa ajili hiyo. Alimtazama shemeji yake Stanslaus, mdogo wa marehemu mumewe, mpiga kinanda pekee waliyekuwa naye tangu wahamie huku na ng'ombe wao kutoka Usukumani. Kiharusi kilimpata kabla ya Kwaresima. Tangu hapo Eliza alimkanda mkono wa kushoto kwa mafuta ya ufuta kila asubuhi, akiuombea kidole kimoja kimoja. Kanisani alishatangaza kwamba mkono unarudi. Juzi tu kidole gumba kilicheza, alikiona kwa macho yake. Stanslaus alisema ni nzi tu aliyetua.

Fundi akawaomba wakijaribu kikiwa na kadi zote.

Stanslaus aliunyanyua mkono wa kushoto kwa ule wa kulia, akaulaza juu ya vibonyezo, kisha akaanza wimbo. Mkono wa kushoto ulilala pale pale. Ulikandamiza vibonyezo vinne, navyo vikaunguruma wimbo mzima, havipandi wala havishuki, huku mkono wa kulia ukipita juu yake taratibu bila kukosea mahali. Eliza alikikazia macho kidole gumba. Hakikutikisika.

Fundi akasema, kwa adabu, labda vibonyezo vimekwama.

"Havijakwama, fundi. Ni mimi." Stanslaus akaurudisha mkono mapajani. "Toa nne."

Eliza akamwambia fundi asiguse kitu kwanza. "Shemeji, mkono ukipona tutazipata wapi? Huyo wa Masasi atakuwa keshaondoka nazo."

"Na aende nazo." Hakuwa na hasira. "Wewe ndiye unayeushika kila siku. Niambie hapa, mbele ya fundi. Mkono huu una uhai?"

Eliza alifungua kinywa. Neno la kumtia moyo lilikuwa tayari. Alishalisema miezi mingi. Lakini mtu alikuwa amemuuliza, tena anamtazama usoni, naye Mungu alikuwa anasikia.

"Ni wa baridi, shemeji," akasema. "Hata nikiuanika juani, ni wa baridi."

Stanslaus akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa ni saa ngapi.

Fundi alichomoa kadi nne, akazifunga kwenye gazeti. Stanslaus akajaribu tena kwa mkono mmoja. Wimbo ulisikika, ila mwembamba, chini hakuna kitu. Fundi akauliza kama wameridhika.

"Itatosha kwa misiba," Stanslaus akasema.

Eliza akamshikia fundi kifuniko mpaka skrubu ya mwisho ilipokazwa.