Salamu za Samaki

Shemeji yangu aliamini kwamba samaki wake wanampenda. Kila jioni akirudi kazini alisimama mbele ya tangi la kioo pale sebuleni, mkoba bado begani, na samaki wote sita walikuwa wameshapanda juu kabisa ya maji, midomo nje, wakifungua na kufunga, wakifungua na kufunga.

"Unaona?" alimwambia mkewe, dada yangu. "Wananisalimia. Humu ndani ni hawa tu wanaojua mwenye nyumba ni nani."

Walikuwa wanatafuta pumzi. Ningeweza kumwambia, lakini mimi ni mtu ambaye nikitaka chumvi mezani husubiri wengine wamalize kula. Nilikuwa nimemaliza chuo, stashahada ya maabara, na nilikuwa nakaa kwao nikingoja kazi. Mtu wa namna hiyo hasahihishi samaki wa watu.

Mwanzoni walikuwa saba, samaki wa dhahabu wenye mikia mirefu kama shela. Wa saba alikufa mwezi wa kwanza tu. Shemeji alimtoa kwa upawa wa mchuzi, akamgeuza huku na huku, akasema, "Huyu alikuwa mvivu." Kisha akaurudisha upawa jikoni. Niliuosha mara tatu, na kwa muda mrefu sikuweza kuutazama bila kujisikia vibaya kwa ajili ya yule mvivu.

Shemeji alikuwa karani wa ghala la vigae. Kazi yake ni kuhesabu maboksi asubuhi, kuyahesabu tena jioni, kisha kutafuta nani amevunja. Desturi hiyo alikuja nayo nyumbani. Kando ya mita ya umeme alitundika daftari kwa uzi, na kabla ya kutoka aliandika uniti zilizobaki, akirudi anaandika tena, na chini yake anaweka sahihi. Hakuna aliyewahi kulikagua daftari lile isipokuwa yeye, lakini sahihi aliiweka, ndefu, yenye mkia, kama mtu anayepitisha bajeti ya serikali.

Kwenye mlango wa friji, pale pale sebuleni, alibandika karatasi aliyoichapa kazini na kuitia plastiki kwa mashine ya ofisi. Friji izimwe asubuhi, iwashwe jioni. Pasi ni Jumapili. Mtu akitoka chumbani atoke na taa yake. Maziwa yalipoganda kwa sababu friji ilizimwa, alisema tunayanunua mengi kwa uroho. Niliwahi kwenda kwenye usaili siku ya Alhamisi nikiwa na blauzi niliyoinyoosha kwa kuilalia chini ya godoro. Kazi sikuipata. Sisemi ni kwa sababu ya blauzi, ila yule mama aliyenihoji aliitazama sana.

Tangi nalo lilikuwa na sheria zake. Pampu ya hewa, ile inayopeleka mapovu majini, kwa shemeji ilikuwa pambo la wageni. Mapovu yanapanda, taa ya buluu inameremeta, watu wanasema kumbe. Basi asubuhi, akishaweka sahihi yake, aliizima.

"Mchana hakuna wa kuyatazama mapovu," alisema. "Tunamfurahisha nani? Kochi?"

Lakini hita hakuizima. Hita ya kupashia maji joto aliinunua siku moja na tangi, kwa sababu ilikuwa na punguzo, na kwake kitu chenye punguzo si matumizi, ni akiba. Ilikuwa ya tangi kubwa mara tatu ya lile. Akakizungusha kidude chake cha kuongezea joto mpaka mwisho, ili asipunjike. Na mji wetu ni ule ambao maji ya bombani mchana hutoka ya moto yenyewe. Nilipotumbukiza kidole siku ya kwanza nilidhani kuna mtu amemwagia chai.

Nilijikaza nikamwambia. Ilinichukua wiki mbili.

"Shemeji, samaki hawa ni wa maji baridi. Na pampu ndiyo inayowapa hewa."

Alinitazama kwa huruma ile anayomtazamia mtu aliyevunja kigae. "Msomi," alisema, "kule chuoni mlisoma mikojo. Samaki niachie mimi."

Dada alicheka puani, pini mdomoni, halafu akaniomba radhi kwa macho. Dada hushona. Chumba cha nyuma kina cherehani ya umeme aliyoinunua mwenyewe kabla hajaolewa, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikinunua mboga, sabuni, na kwa siri nauli yangu ya usaili. Shemeji aliiita "kile kichezeo chako". Akiomba shati lake lipunguzwe kiuno haiiti hivyo.

Sikuwa jasiri, ila nilijifunza kuwa mwizi. Akishafika kona ya barabara niliiwasha pampu, na dakika kumi kabla hajarudi naizima. Mwenye mkia mrefu kuliko wote, niliyempa jina la Bibi Harusi, alikuwa anaanza kuinamia upande mmoja, na nilikaa naye mchana nikimwambia avumilie. Hizo dakika kumi za jioni zilitosha kuwapandisha tena wote juu, kwa maji yalivyokuwa ya moto, na shemeji akapokea salamu zake.

Jumatatu moja jioni alisimama mbele ya mita kwa muda mrefu kuliko kawaida. Akaja sebuleni na daftari, uzi wake unaning'inia.

"Uniti nne kwa siku," alisema. "Friji imezimwa. Pasi imezimwa. Mapovu yamezimwa. Nani anakula umeme wangu?"

Mimi niliiwaza pampu yangu ya wizi.

"Basi mimi najua," alisema, akainua kidevu kuelekea chumba cha nyuma. "Kuanzia kesho hakishonwi kitu. Nimeshaongea na dalali wa vyombo. Jumapili anakuja kuichukua ile cherehani."

"Ile ni yangu," dada alisema.

"Umeme ni wa nani?"

"Nina oda ya sare za watoto wa chekechea. Kumi na mbili. Nimeshapokea fedha ya kitambaa."

"Warudishie fedha yao," alisema shemeji, na akageukia tangi kama mtu aliyemaliza mkutano. Akagonga kioo kwa kucha. "Habari zenu, wanangu."

Usiku ule sikula vizuri. Asubuhi alipotoka nilikwenda chumba cha nyuma, nikakiri kwa dada kuhusu pampu. Nilitarajia anigombeze. Aliniuliza tu, "Inakula kiasi gani hicho kidude?"

Sikuwa nimewahi kutazama. Tulikwenda pamoja. Pampu imeandikwa kwa chini, herufi ndogo: wati tano. Kisha nikapenyeza mkono nyuma ya ngome ya plastiki iliyosimamishwa ndani ya tangi, mahali ambapo shemeji hajawahi kutazama kwa sababu yeye hulitazama tangi kutoka mbele kama mgeni, na nikaigeuza hita. Wati mia tatu. Kitaa chake chekundu kilikuwa kinawaka, na ilikuwa saa tatu asubuhi, na sisi wote wawili tulikuwa tunatokwa jasho.

Dada aliisoma ile namba mara mbili.

"Na cherehani?"

Nilikwenda kuchungulia kibandiko chake. "Mia," nilisema. "Tena ukikanyaga tu."

Uso wake ulikuwa na kitu ambacho sijawahi kukiona hapo kabla, wala hakikuwa hasira. Alikuwa kama mtu anayehesabu miaka.

"Ichomoe," alisema. "Pampu iwashe mchana kutwa. Mimi nashona. Na wewe usiseme neno mpaka Jumapili. Tumwache ajisemee mwenyewe."

Alishona wiki nzima. Shemeji akitoka tu, cherehani inaanza kunguruma, na saa kumi vitambaa vinaingia uvunguni. Maji ya tangi yakapoa taratibu. Siku ya tatu Bibi Harusi alinyooka. Nilimkuta kule chini anachokonoa mawe kwa mdomo kama mwanamke anayetafuta hereni iliyodondoka, na nililia kidogo, peke yangu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuniuliza kwa nini.

Shemeji hakuona lolote majini. Aliona mita tu. Jumatano alipiga mluzi. Ijumaa alimwonyesha dada daftari kama mtoto anayeonyesha matokeo ya mtihani.

"Mbili na kitu," alisema. "Umeona? Au bado nitaambiwa mimi ni mbahili?"

"Nimeona," dada alisema.

Jumapili dalali alikuja na mkokoteni, akauacha mlangoni. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, aliyevua viatu bila kuambiwa. Dada alimletea maji. Shemeji alimkalisha kwenye kochi lililoelekea tangi, akawasha pampu na taa ya buluu, kisha, badala ya kumpeleka chumba cha nyuma, akafungua daftari. Alitaka kwanza asikilizwe. Ndivyo alivyo, hawezi hata kuuza kitu cha mke wake bila hotuba.

"Ndugu yangu, nyumba ni kama ghala," alianza. "Usipohesabu, unaibiwa. Humu tulikuwa tunakula uniti nne. Jumatatu nikapiga marufuku cherehani. Tazama hapa. Mbili na robo. Mbili na nusu. Mbili na robo. Cherehani ndiyo mwizi, na wewe unamchukua leo."

"Haya bwana," dalali alisema. "Mimi ni mkokoteni tu."

Shemeji alicheka. Dada hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, na alikuwa ananitazama mimi. Hapo nikaelewa kwamba maneno ameniachia mimi, mimi nisiyeweza kuomba chumvi. Yeye angeyasema, ungekuwa ugomvi wa mume na mke, na dalali angetazama dari.

Nilikwenda chumba cha nyuma. Nikavuta kile kifurushi uvunguni, nikaja nacho sebuleni, nikaanza kuziweka sare juu ya meza, mbele ya daftari. Moja moja. Ya nne ilinidondoka, dalali akaniokotea.

"Kumi na mbili," nilisema. Sauti ilitoka ndogo sana. "Dada amezishona wiki hii, shemeji. Zote. Kuanzia Jumanne."

Shemeji alitazama sare, akatazama daftari. "Haiwezekani. Uniti zimepungua."

"Zimepungua kwa sababu nilichomoa hii."

Niliingiza mkono nyuma ya ngome, nikaitoa hita, ikidondosha maji kwenye zulia lake. Nilitaka kumpa yeye. Sijui kwa nini nilimpa dalali. Aliifuta kwa shati, akaisogeza dirishani, akasoma.

"Mia tatu," alisema. Akaipima mkononi. "Bwana, hii ni pasi umeilaza majini."

Kisha macho yake yakafika kwenye mlango wa friji, kwenye karatasi yenye plastiki, na nikamwona anasoma polepole, midomo ikicheza, mpaka pale penye pasi na Jumapili. Alikuwa mtu wa adabu. Alikohoa kwa muda mrefu.

"Mmenifanyia hila," alisema shemeji. "Ndani ya nyumba yangu."

"Tumeshona," dada alisema. "Cherehani haitoki. Ukitaka dalali asirudi mkokoteni mtupu, mpe hiyo hita."

Nilidhani atapaza sauti. Lakini mbele ya mgeni shemeji hana nguvu hata kidogo. Alilifunga daftari, akajikuna shingo, akasema kwamba kusema kweli alikuwa anatujaribu, aone nani humu ana akili ya hesabu. Alisema hivyo akitutazama usoni. Dalali alitazama soksi zake.

Shemeji alimuuzia hita kwa robo ya bei aliyoinunulia, na jioni ile nilimwona mbele ya mita akiiandika fedha hiyo kama mapato. Akaweka sahihi.

Siku hizi pampu haizimwi. Dada alisema neno moja tu, na limetosha. Ile karatasi bado ipo kwenye friji, ila juu yake dada ametundika mkanda wa kupimia, oda zake na tarehe ya usaili wangu mwingine. Friji inanguruma mchana kutwa.

Juzi, siku ya Jumatano, nilikuwa sebuleni nanyoosha blauzi yangu kwa pasi, shemeji akaingia. Alisimama mbele ya tangi na mkoba wake begani. Samaki sita walikuwa kule chini, kila mmoja na shughuli zake. Akagonga kioo kwa kucha. Akagonga tena. Bibi Harusi aligeuka, akampa mkia, akaingia ndani ya ngome.

"Hawaji," alisema shemeji. Aliinama, pua karibu na kioo. "Nani amewafundisha dharau hawa?"

Niliigeuza blauzi upande wa pili.

"Sijui, shemeji," nilisema.