Vigae Juu ya Sauti ya Baba

Fundi alipoingia na maboksi ya vigae, Kitindamimba alikuwa anapiga deki chumba cha marehemu baba yake, na sakafu ilikuwa inamsema.

"We mtoto, unaosha sakafu au unafuga samaki?"

"Samahani, Baba," akajibu, akakamua tambara.

Sakafu ile ya mbao ngumu ilikunywa maneno ya mzee miaka yote aliyoishi juu yake, na tangu azikwe ilikuwa inayarudisha, kila ubao na lake. Ukikanyaga wa mlango wa jikoni, unauliza nani amemaliza sukari. Wa koridoni unakohoa. Ule wa mbele ya kiti chake hauna neno, una ushuzi tu, tena mrefu, na mgeni akiukanyaga wenyeji huangalia pembeni kwa adabu.

Kitindamimba ndiye aliyemuuguza mzee, peke yake: kumgeuza, kumnawisha, kumbembeleza anywe uji. Kaka Mkubwa na Dada wa Kati walikuwa wakipiga simu kuulizia hali, na simu haijawahi kumnawisha mtu. Siku ya mwisho mzee alizungumza na yeye tu, na ubao wa kando ya kitanda ukasikia. Ukiugusa hata kwa kisigino, unasema polepole, "Nyumba hii ni ya kitindamimba wangu. Wengine wasimsumbue."

Wengine walikuwa na mipango yao. Kaka Mkubwa alitaka nyumba aipangishe, na mpangaji gani atalipia nyumba inayomkohoa? Kwa hiyo, kabla fundi hajaletwa, ukoo uliitwa. Wakavua viatu, wakajipanga, kila mmoja akakanyaga ubao akasikia. Dada wa Kati alikanyaga mara ya pili, akidai hapo kwenye "wengine" hakusikia vizuri. Mjomba, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, akawa anarudi kukaa, akapitia bila kujua kwenye ubao wa ushuzi. Akajikohoza.

"Sauti ni ya shemeji yangu, sikatai," akasema. "Lakini jamani, sakafu ni kitu cha kukanyagwa. Tukianza kusikiliza tunachokikanyaga, tutafika wapi?"

Watu wakaitikia kwamba kweli, hapo hakuna pa kufika. Kitindamimba akainuka kwenda kuongeza chai, maana birika lilikuwa tupu, na kwenye mambo ya chai hakuna aliyebisha kwamba mwenye nyumba ni yeye.

"Weka juu kwa juu," Kaka Mkubwa akamwagiza fundi siku ya vigae. "Sitaki kubomoa kitu."

"Inawezekana, bosi. Ila mbao ikicheza, kigae kinapasuka. Nizibane kwanza kwa skrubu, nilaze bodi za saruji, ndipo nipake gundi."

Basi akaanza kubana. Ubao wa sukari ulifika kwenye "nani ame..." ukaishia hapo. Wa koridoni ulikohoa kikohozi kimoja kikavu, kisha kimya. Ule wa ushuzi ulishindana na skrubu kiume, ukamalizikia kwa kamlio kembamba ka kuaibisha ukoo mzima. Kitindamimba alisimama mlangoni na ndoo yake, roho inamuuma. Mara ya kwanza baba yake alikuwa amekufa kwa mkupuo mmoja. Sasa alikuwa anakufa kipandekipande, na yeye ndiye anayefagia vumbi lake.

Ubao wa kando ya kitanda uligoma. Skrubu ziliingia zikatoka. Fundi alilaza bodi, akapaka gundi, akabandika kigae. Kigae kikapasuka katikati ya "nyumba" na "hii". Akabandika kingine, kikavumilia mpaka "wasimsumbue".

Fundi akachutama, akasikiliza sentensi nzima.

"Kumbe nyumba ni yako, dada?"

"Ndiyo."

"Hongera," akasema, akaanza kukwangua gundi kabla haijakauka. Kisha akamwita Kaka Mkubwa. "Bosi, huu hauwekewi kitu. Ama unyamaze, ama utoke."

Ukatoka. Pengo likazibwa kwa kipande cha plaiwudi, ambacho hakikuwa kimesikia chochote maishani mwake, na kigae kikakaa juu yake kimetulia tuli.

"Kauchomeni huko nje," Kaka Mkubwa akasema.

"Kaka, nakuomba. Nipe mimi."

Kaka Mkubwa akautazama ubao, akamtazama Mjomba aliyekuwa kafika kukagua vigae, akapanua kifua. "Chukua! Ni wako. Kesho mtu asije akasema nimemnyima dada yangu urithi."

Mjomba akamsifu kwa moyo wake mkunjufu. Dada wa Kati naye alifurahi, ingawa alinung'unika kidogo kwamba yeye hakupata ubao.

Nyumba ikapata mpangaji. Kitindamimba akapanga chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri, akauweka ubao kando ya kitanda, na kila alfajiri mguu wake wa kwanza ulitua hapo. Haikupita wiki mlango ukagongwa. Alikuwa mwenye nyumba, mama mwenye funguo zote kiunoni.

"Huyo mzee wako anasemaje? Nyumba hii ni yangu."

"Ni yako, mama. Yeye anaisema nyingine."

"Basi ataje ni ipi! Wapangaji wenzako wameanza kuniuliza kodi wamlipe nani."

Kitindamimba alimwomba radhi. Ubao husema ulichosikia, hauwezi kuongeza hata neno. Jioni ile akanunua zulia nene, akaufunika, akakandamiza pembe zake kwa viganja, kama alivyomwona fundi akikandamiza vigae.

Asubuhi akashuka kitandani kwa ncha za vidole. Chini ya zulia, kwa mbali, baba yake akasema nyumba hii ni ya kitindamimba wangu.

"Shh, Baba," akanong'ona. "Watakusikia."

Akachukua ndoo, akatoka kwenda kupanga foleni ya bafuni.