Kwenda Ukimbie, Kurudi Utembee

Watu wa Nyabiondo wasinisemeshe. Wanaweza kusema Kavira iko na roho mubaya, na miye ninasema ndiyo, ninayo.

Sukari, ule ugonjwa, njo ilimaliza nyumba yetu. Ilimuua babu, kisha ikamushika mama yangu Élisabeth, wakamukata muguu wa kuume hopitali. Infirmie, muuguzi wa pale, alinipima na miye, akaniambia ugonjwa huu unatembea katika damu yetu, nikimbie kila asubuhi ao nitakatwa kama mama. Niliogopa sana. Kesho yake nikajifunga kitenge, nikakimbia mpaka kwenye daraja, nikarudi mbio.

Kumbe vita ilikuwa nyuma ya kilima. Watu kuona mutu anakuja mbio toka upande ule, hawakuuliza kitu: wakabeba sufuria, wakakokota mbuzi, wakaingia porini. Jioni walirudi bila kuona adui, wakanitukana mpaka machozi yakaniisha. Honoré, jirani yetu mwenye pikipiki, alinipiga kofi mbele ya mama. Mama huyo huyo aliyemulisha maharagi tangu utoto wake!

Shefu wa kijiji, Séraphin, akakata maneno. Kwenda nikimbie, maana mutu anayekimbilia vita iko kichaa tu, haogopeshi mutu. Lakini kurudi nitembee, la sivyo watatufukuza, miye na mama. Nilikubali, na nikamuchukia. Kila asubuhi watoto walinizomea, wamama wakasema nimerogwa. Waseme tu. Miye nilitaka miguu yangu miwili.

Asubuhi moja, pale kwenye daraja, nikaona waaskari wengi wanashuka na bunduki. Kama nikirudi kwa kutembea, watatukuta wote nyumbani, na mama ndani. Nikageuka, nikakimbia vile sijakimbia siku yoyote. Kutoka mbali nilisikia milango inafungwa na watu wanaitana. Walinielewa. Hata nikafurahi, mujinga miye, nikasema watamubeba mama.

Nilipofika, kijiji kilikuwa kitupu. Pikipiki ya Honoré ilikuwa inapanda kilima cha upande mwingine, na nyuma yake godoro, limefungwa na kamba vizuri kabisa. Mama alikuwa kwenye kizingiti, amejifunga kitambaa kichwani, tayari kwa safari.

"Nilimuita Honoré," akasema. "Akanijibu, 'Kavira njo anajua kukimbia, atakubeba.'"

Nikamupandisha mugongoni. Mutu aliyebeba mama yake hakimbii. Nilitembea, risasi zinalia nyuma yetu. Tuliingia porini tukielekea Walikale, na dawa zake zilibaki nyumbani. Alinywa maji mingi, kiu haikuisha, kisha akaacha kunijibu. Akafia mugongoni mwangu. Nikachimba na kijiti na mikono, peke yangu. Wale watu niliwaokoa wote, na hata mumoja hakurudi kunisaidia kuchimba kaburi.