Mayai Kwenye Sanduku la Chai

Hana alijua kuna jambo kabla hajafika mlangoni. Mlango wa stoo ya shule, ambao asubuhi aliuegemezea jiwe kwa mikono yake mwenyewe, ulikuwa wazi, unajibamiza ukutani kwa upepo. Wasichana walikuwa wanarudi kutoka kanisani kwa mistari. Yeye alichomoka bila kuomba ruhusa, akakimbia na viatu vya Jumapili mkononi.

Alipiga magoti mbele ya sanduku. Chemli ilikuwa imezimika. Aligusa kioo chake chenye ufa, kilikuwa baridi kabisa.

"Anyesi!" aliita, ingawa mwenzake alikuwa bado mbali uwanjani. "Anyesi, tumekwisha!"

Sanduku lenyewe lilikuwa la chai, la mbao nyepesi, walilopewa na Bwana Jaffer mwenye duka karibu na stesheni alipoambiwa ni kwa kazi ya shule. Walikuwa wameligawa vyumba viwili, cha chini na cha juu, kwa kipande cha bati. Chini ilikaa chemli. Juu ya bati walimwaga mchanga wa korongoni, kisha majani makavu, kisha mayai ya kuku, na pembeni kibakuli cha maji ili hewa isikauke. Kipimajoto waliazimwa na mganga wa zahanati. Kilikuwa kile cha kupimia homa, ambacho kila ukishakisoma lazima ukikung'ute, la sivyo kinakudanganya. Asubuhi, mchana na jioni waliyageuza mayai kama kuku anavyofanya kwa mdomo wake, na kila yai walilitia alama ya mkaa upande mmoja wasije wakachanganya.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya maonyesho ya sayansi ya shule za kati. Safari hii yangefanyika pale pale shuleni kwao, mtaa wa Kikuyu, Dodoma. Mwalimu Bartolomayo, aliyewafundisha sayansi, hakuwaficha kitu. "Wavulana wataleta kengele za umeme na mizani," aliwaambia. "Ninyi watu wanawatazamia mlete sabuni na vitambaa. Mkitaka kuleta kitu kingine, leteni kitu kinachofanya kazi."

Na mayai hayakupatikana kirahisi. Njaa ilikuwa ndiyo kwanza imepita. Nyumbani kwa kina Hana, kule Nzuguni, kuku wote walikuwa wameliwa au wamekufa, na mama yake, Raheli, alianza upya kwa kuku wachache aliopewa na dada yake. Siku Hana alipokwenda kuomba mayai, mama aliendelea kupepeta uwele kana kwamba hajasikia.

"Na yakiharibika?" alisema mwishowe.

"Hayataharibika, mama."

"Nani kakwambia?"

Hana aliokota punje za uwele zilizomwagika chini. Hata hivyo mama aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na kikapu. Aliyapanga mayai moja moja juu ya pumba. "Haya, chukua. Ila siku hiyo nitakuja mwenyewe kuyaona."

Sasa maonyesho yalikuwa Jumatano, na leo ni Jumapili, na sanduku limepoa.

Anyesi aliingia akihema. Alipoiona chemli alikaa chini pale pale sakafuni na gauni lake jeupe. "Mimi ndiye niliyeitia mafuta," alisema. "Nilidhani nimekifunga kioo vizuri. Hana, mimi ndiye niliyeyaua."

Hana alikuwa na maneno makali mdomoni, tayari kabisa. Lakini alimtazama rafiki yake pale sakafuni, akayameza. "Lete kiberiti kwanza," alisema.

Walipowasha taa, Mwalimu Bartolomayo alikuja akasimama mlangoni, kofia kwapani. Alichomeka kidole kwenye mchanga chini ya majani.

"Kuku naye hutoka kwenye mayai akaenda kula," alisema polepole. "Lakini hachukui ibada nzima."

"Tuyapasue tuone, mwalimu?" aliuliza Anyesi.

"Ukilipasua lililo hai utakuwa umelimaliza wewe. Hapana. Endeleeni kuyatunza kana kwamba hakuna lililotokea. Sina la zaidi."

Waliendelea. Jumatatu walimulika yai moja kwa tochi ya mwalimu, lakini ndani kulikuwa kumeshajaa giza tupu, na giza haliwezi kukwambia kama lina uhai. Jumanne, siku ambayo vifaranga wangeanza kutoka, Hana alitega sikio kwenye sanduku mpaka shavu likashika alama ya mbao. Kimya. Ugali wa mtama ulimshinda, akampa jirani yake mezani. Kila akifumba macho alimwona mama yake akiyapanga mayai juu ya pumba.

Jumatano kulikucha na upepo wa vumbi, ule wa Dodoma unaokuingia hadi kwenye meno. Meza zilipangwa darasani, madirisha yakafungwa. Wavulana walikuwa wamekuja na kengele yao kweli, nayo ililia kila mtu alipopita, hadi ikawa kero. Meza ya Hana na Anyesi ilikuwa ya mwisho, karibu na ukuta. Juu yake palikuwa na sanduku la chai lililofungwa, na kipande cha ubao kilichoandikwa kwa chaki: KUTOTOA MAYAI BILA KUKU.

"Tuseme tulichelewa kuyaweka," Anyesi alinong'ona. "Tuseme bado siku mbili tatu. Nani atajua?"

Hana alilifikiria hilo, na lilimvutia. Lingewavusha bila aibu. Lakini mkaguzi wa maonyesho alikuwa ameshafika mbele yao. Alikuwa Bwana Yotham, bwana shamba, mtu mrefu wa kaptura iliyopigwa pasi kali, na alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kudanganywa.

"Shikamoo, bwana," walisema pamoja.

"Marahaba. Vifaranga wako wapi?"

"Hawajatoka, bwana," Hana alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Walitakiwa kutoka jana. Jumapili taa ilizimika tukiwa kanisani, mayai yakapoa. Tuliiwasha tena, lakini hatujui kama yako hai au yamekufa."

Anyesi aliinamisha kichwa. Mmoja wa wavulana wa kengele alicheka puani.

Bwana Yotham hakucheka. "Kwa nini mliweka mchanga?"

"Bati peke yake linaunguza mayai ya katikati, na ya pembeni yanabaki baridi. Mchanga unausambaza moto."

"Hm." Aliandika kitu kwenye karatasi yake, akaaga, akaenda kwenye meza ya sabuni.

Basi, likawa limepita. Hana alishangaa kuona kwamba ameweza kupumua. Jambo alilokuwa analiogopa tangu Jumapili alikuwa ameshalisema, na hajafa. Lakini lililo zito zaidi lilikuwa linaingia mlangoni, limejitanda kanga ya maua mekundu, miguu imejaa vumbi la njia ya Nzuguni.

"Mbukwenyi," Raheli aliwaamkia wote waliokuwa pale kwa Kigogo, kama ilivyo desturi, kisha akaja moja kwa moja hadi kwenye meza ya mwisho. Hana alimwamkia, naye akaitikia huku akilitazama sanduku.

"Ndimo yalimo?"

"Ndimo, mama." Hana alifungua kifuniko. Alitaka kusema polepole, kwa mpangilio, lakini maneno yalimtoka kwa mkupuo. "Mama, nadhani yamekufa. Taa ilizimika. Nilikuahidi na sasa nadhani yamekufa yote."

Raheli aliinamia sanduku. Hana, kwa kukosa la kufanya na mikono yake, alichukua yai lililokuwa karibu ili ampe. Alilishika kiganjani. Lilikuwa la vuguvugu, zito.

Kitu kikamgonga kiganja.

Alidhani ni mapigo yake mwenyewe. Alitulia, akazuia pumzi. Kitu kikagonga tena, kwa ndani, kidogo lakini kwa nguvu, kama mtu anayebisha hodi na ana haraka zake.

"Mama," alisema. "Mama, shika."

Raheli alilipokea yai kwa mikono miwili, akalipeleka sikioni. Uso wake wote ukalegea. Alikaa chini, pale pale kwenye sakafu ya darasa mbele ya wageni, yai likiwa bado sikioni, akaanza kucheka bila sauti hadi mabega yakamtikisika. "Analalamika," alisema. "Huyu humu ndani analalamika!"

Anyesi alipiga yowe. Kengele ya wavulana ilinyamaza, maana mwenye kuibonyeza alikuwa ameiacha na kuja kuona. Walisongamana wote, walimu na wageni na wasichana wa sabuni, Mwalimu Bartolomayo akiwasukuma nyuma: "Jamani, baridi! Wekeni yai ndani, fungeni kifuniko!" Lakini yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa wa kwanza kukifungua tena.

Yai lile lilipata ufa kabla ya chakula cha mchana. Kwanza kilionekana kidomo, kisha mapumziko marefu yaliyowachosha watu wote, kisha likagawanyika, akatoka kifaranga aliyelowa, mbaya wa sura, akaanguka kifudifudi juu ya majani. Hana hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile. Nyuma yake wakafuata wengine, mmoja mmoja, kwa wakati wao. Si mayai yote yaliyototolewa, machache yalibaki kimya hadi mwisho. Raheli aliyatazama hayo, akasema tu kwamba hata kuku mwenyewe hatotoi yote.

Bwana Yotham alirudi, safari hii bila karatasi. "Baridi iliwachelewesha," alisema akiwa ameinama juu ya sanduku. "Na huo mchanga wenu ulishika moto baada ya taa kuzimika. Bila huo msingekuwa na kitu." Aliwapa mkono, Hana kisha Anyesi, na mkono wa Anyesi aliushika kwa muda zaidi kidogo, kwa sababu msichana alikuwa analia.

Tuzo ya kwanza walipewa wavulana wa kengele. Hana hakusikia ilipotangazwa. Alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma, kichwa kimeegemea bega la mama yake lililonuka moshi wa kuni, amelala fofofo. Wakati jina lake lilipoitwa kwa tuzo ya pili, watu waligeuka kumtafuta, na Anyesi akanyanyuka kwenda kumwamsha.

"Mwache," Raheli alisema. "Nenda ukaichukue wewe."

Anyesi akaenda, kifaranga mmoja mkononi.